Tulipowapeleka Wafungwa Chake Tukakutana na Jeneza

Bi Chumu, Bi Kazija, na wewe Mwanaisha uliyekuwa ukinivuta kanga nikwambie peke yako: niliporudi Wingwi siku ile mlinikalisha ukumbini, mkanitilia chai, mkaniuliza yaliyotupata. Nikakwambieni mvua ilikuwa kubwa, gari lilizama, tukafika. Uongo haukuwamo, lakini ukweli niliupunja. Nilinyamaza kwa sababu riziki ya mtu ilikuwamo ndani yake, na mtu huyo ni Koplo Shaame Haji. Sasa Koplo keshatangulia, Mungu amrehemu, na hakuna tena wa kumwita barazani kumuuliza. Juzi tukisuka ukili Bi Kazija kaniuliza upya, na mie nimeona nisife nayo.

Skuli nilikwenda miaka miwili tu, basi mkiona mistari inapanda na kushuka kama njia ya Konde, someni pole pole. Majina nayakumbuka yote.

Wingwi hadi Konde

Ilikuwa masika, miaka mitatu minne kabla ya Mapinduzi. Mume wangu wa kwanza alikuwa keshaniacha, nakaa kwa mama. Sheha wa kijiji akaja asubuhi, akasimama uani kwa adabu, akamwambia mama kuwa kuna wafungwa watano waliohukumiwa na mudiri wa wilaya, wanapelekwa jela ya Chake, na mmoja wao ni mwanamke. Mwanamke hatiwi garini na wanaume watupu akasafirishwa siku mbili, hata angekuwa kaua mtu. Akatafutwa mwenziwe wa kumsindikiza. Wenye waume, waume zao walikataa. Mama akaniangalia mie, mie nikaangalia makuti ya paa, na jambo likawa limekwisha.

Mwanamke mwenyewe ni Bi Riziki binti Hamadi, mnamjua, yule aliyemng'ata mke mwenziwe sikio kwa ajili ya kuku mmoja. Kapewa mwezi. Wanaume walikuwa wanne. Faki Makame na nduguye Ali, walioiba karafuu za watu zilizokuwa zimeanikwa. Mzee Bakari, aliyemtukana mudiri mbele ya halaiki na hata siku ile ya safari alikuwa bado hajamaliza. Na Hamad Kombo wa Kiuyu, kijana mpana wa mabega, mchimba visima, msemaji mdogo. Yeye alimpiga mtu kwa mpini wa jembe kwenye mchezo wa ng'ombe, akapewa miezi minne.

Wote walivaa nguo zao za nyumbani, vikoi na mashati, maana nguo za jela walikuwa wakapewe huko Chake. Pingu zilikuwa jozi mbili. Faki kafungwa na Ali, Mzee Bakari kafungwa na Hamad. Bi Riziki hakutiwa pingu, alitiwa mie.

Koplo Shaame alikuwa mtu wa Mtambwe, mrefu, mpole, sauti yake ndogo kuliko mwili wake. Alikuwa na khofu moja tu duniani, na alitwambia kabla hatujapanda.

"Wazee wangu, sikilizeni. Karatasi imeandikwa watano. Mmoja akipungua, kifungo chake nitakimaliza mie. Nna watoto sita."

Alilisema kama mtu anayeomba dua, na alilirudia kila kijiji tulichopita, mpaka Bi Riziki akawa analisema pamoja naye.

Dereva alikuwa Omari, watu wakimwita Omari Breki kwa kuwa hakuwa nazo. Gari lilikuwa lori la mbao la Serikali, na kila mlima likisita lazima mtu aruke atie gogo nyuma ya gurudumu lisirudi chini. Gogo lile lilikuwa upande wa Mzee Bakari na Hamad. Basi wanaruka wawili kwa sababu pingu ni moja, wanatia gogo, gari linapata nguvu, wanakimbia nalo, wanapanda tena wawili. Mara ya tano hivi Mzee Bakari akasema, "Mie nimefungwa kwa mdomo, mbona miguu ndiyo inayotumikia kifungo?" Hamad akacheka, na hapo ndipo nilipoona kuwa ana meno mazuri.

Konde tulisimama kula. Kabla hatujateremka Koplo akaniomba kanga yangu ya pili. Akaipasua katikati, bila ya kuniuliza kwanza, akafunika pingu za wale wanaume kila jozi kipande chake. Nikamwambia, "Koplo, ile kanga ya doti." Akanambia atanilipa nyengine, lakini mtu akimaliza kifungo anarudi kwao, na uso wake anarudi nao. Basi watu wa Konde wakawaona Faki na Ali wanakwenda wameshikana mikono chini ya kanga. Bi Sada, aliyekuwa akiuza muhogo wa kuchoma na pweza, akawaonea huruma akidhani ni vipofu, akawaongezea pweza na kuwaelekeza penye kukaa. Ali alikula macho kayafumba mpaka tukaondoka. Hakutaka kumvunja moyo.

Konde hadi Wete

Hapa nilikwambieni kweli. Mvua ilitushika baada ya Konde na njia ikageuka ugali. Gari likazama mpaka mbao. Omari akateremka, akalizunguka, akaliambia maneno ambayo siyaandiki. Koplo akasimama mvuani na funguo mkononi. Watu waliofungwa wawili wawili hawawezi kusukuma gari, mmoja akiteleza anamvuta mwenziwe. Na bila ya kusukuma hatufiki. Akawafungua. Akasimama nyuma yao akawaangalia migongo, midomo inakwenda, na mie na Bi Riziki tulijua anachosema: watano, watano.

Walisukuma, sisi wanawake tukatia majani ya mgomba chini ya magurudumu, gari likatoka. Na wale wanaume, matope mpaka kwenye nyusi, wakaja wenyewe mmoja mmoja wakamnyooshea Koplo mikono awafunge. Nadhani siku ile ndiyo iliyomharibu Koplo. Ndiyo iliyomfanya kesho yake aamini watu.

Wete tuliingia magharibi. Walilala korokoroni, na mie nikalala na Bi Riziki chumba kimoja, mlango wazi, mguu wangu nimeufunga kwa mguu wake kwa kipande cha kamba ya usumba. Nilidhani ndiyo kazi yenyewe. Asubuhi Koplo alipoiona ile kamba alijigeuza upande asicheke mbele yangu.

Wete hadi Mzambarauni

Tuliondoka Wete siku ya Alkhamisi, tumeshakunywa uji. Koplo alikuwa na haraka. Mlango wa jela ya Chake hufungwa jua likizama, na akifika umeshafungwa ataulizwa alikuwa wapi na nani na kwa nini, na kila jibu litaandikwa. Tukapita Pandani vizuri. Jua likatoka kidogo. Bi Riziki akatusimulia tena habari ya sikio, na safari hii kuku alikuwa wawili.

Tulipokaribia Mzambarauni, adhuhuri imekwisha kusaliwa, tukawakuta watu mbele yetu njiani wamebeba jeneza. Walikuwa wazee watupu, kumi hawafiki, wanakwenda hatua moja wanapumzika mbili. Vijana wa pale walikuwa kisiwa cha pili kwenye vibarua, na waliobaki wengine wagonjwa. Makaburi yalikuwa ng'ambo ya bonde la mpunga, na bonde limejaa maji.

Omari akapunguza mwendo. Njia nyembamba, pembeni hakuna pa kupita, na hata pangekuwapo, nyote mnajua jeneza halipitwi. Likipita unasimama, na ukikuta wabebaji unatia bega, hata kama maiti humjui, hata hatua saba. Tukawa nyuma yao, gari linanguruma pole pole kama na lenyewe linasoma uradi.

Mzee Bakari ndiye aliyesema. "Koplo, tumekaa juu kama mabwana, na wazee wanaanguka na maiti."

Koplo akatazama jua. Akatazama karatasi. Akasema, "Mkinikimbia hapa, yakhe, mie ndiye nitakayelala ndani."

"Na maiti begani tukimbilie wapi?"

Koplo akashusha pumzi, akatoa funguo. Akawafungua wote wanne. Kisha akabaki na pingu mkononi hajui pa kuziweka, maana huwezi kwenda kuzika na pingu kiunoni. Akanipa mie. Nikazitia kapuni mwangu chini ya muhogo na pweza tuliobakisha Konde, na ushungi wa kubadilisha. Akanambia niende na Bi Riziki nyumbani kwa wafiwa, na nisimwache mkono. Kisha akavua mkanda wake wa kazi, akamwachia Omari garini, akashuka yeye wa kwanza akatia bega.

Nikawaona wanaingia bondeni. Hamad alikuwa mbele upande wa kulia, na jeneza likanyanyuka, likawa linakwenda kwa kasi kama inavyotakiwa. Wanawake hatuendi makaburini. Hapo macho yangu yakaishia, na yaliyotokea huko nimeyajua baadaye.

Mzambarauni, upande wa wanawake

Aliyefariki alikuwa Mzee Songoro, mtu mwema, asili yake bara, kaja Pemba mdogo akazeekea hapo. Mkewe ni Bi Tatu. Walikuwa na mtoto mmoja tu, Juma, aliyekuwa Tanga kwenye mashamba ya mkonge miaka mingi. Tangu Mzee alipozidiwa walikuwa wamempelekea Juma habari kupitia Wete, na kila gari likilia wanatoka kutazama.

Haya hatukuyajua. Tuliingia tukatoa mkono wa pole, tukakaa mkekani na wenzetu. Nyumba inanuka ubani. Bi Tatu keshatiwa chumbani nyuma ya pazia, kavikwa nyeupe, eda imeanza. Nikaliweka kapu miguuni, na kila nikijigeuza pingu zinalia chini ya muhogo, nami nakohoa.

Tukakaa, tukakaa. Alasiri inakaribia. Mara akaja mzee mmoja mbio kutoka makaburini, Mzee Kai, akasimama uani akasema kwa sauti ya kulia, "Juma kaja. Kaletwa na gari la Serikali. Kaingia kaburini mwenyewe kumpokea babaake, kavua na shati."

Wanawake wakalia kilio kipya. Kisha wakageuka kututazama sisi wawili tuliokuja na gari lile lile. Mmoja akauliza, "Nani kati yenu ndiye mkewe?"

Bi Riziki, Mungu amsamehe, akaninyooshea kidole.

Nikashikwa shingoni na watu kumi. Wananilia, wananipa mkono, wananiita mkwe. Msibani huwezi kupiga kelele kuwa si wewe. Nikalia na mie, na nilikuwa nalia kweli, maana niliiona picha nzima. Katika wale wanaume, mmoja kageuzwa mtoto wa watu, na wa kushuka shimoni hakuwa ila Hamad, mchimba visima, na mtoto wa marehemu haondoki msibani siku ya kwanza. Anakaa siku tatu anapokea mikono. Karatasi ya Koplo imeandikwa watano.

Bi Tatu akaita kutoka chumbani, "Mleteni mkwe wangu."

Nikaingia. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, kichwa wazi, nywele nyeupe pepe, kakaa chini kando ya kitanda. Akanishika mkono akaniketisha. Nilidhani ataniuliza habari za Juma. Hakuniuliza. Alininong'oneza:

"Mwanangu, umesikia lolote? Kaburi limeingia maji?"

Nikamwambia sijasikia. Akanambia kila mtu anamuuliza na kila mtu anamwambia Mungu ni mkubwa. Mumewe alikuwa na baridi yabisi miaka kumi. Kila jioni akimkanda magoti kwa mafuta ya karafuu na kitambaa cha moto. Na masika haya bonde zima linatoka maji ukichimba hata shimo la kupandia mgomba. "Wanaume hawasemi," akanambia, "na mie kwenda siwezi. Wamemlaza majini mume wangu?"

Na hapo hapo tukasikia hodi mlangoni, sauti za wanaume, na mtu anasema, "Tunamleta Juma kwa mamaake."

Mtoto wa kuzaa anaingia kwa mamaake hata katika eda, hakuna ubaya. Lakini yule hakuwa mtoto. Alikuwa mwanamume wa kando, na Bi Tatu kakaa mbele yangu kichwa wazi, siku ya kwanza ya eda yake. Nikinyamaza nimemtia katika dhambi asiyoijua. Nikisema, nyumba nzima itaaibika, na habari itafika Chake kabla yetu kwamba Koplo kafungua wafungwa njiani. Watoto sita.

Nikamwinamia sikioni. "Mama, nisamehe. Huyo si Juma. Ni Hamad Kombo wa Kiuyu, mfungwa, tunampeleka jela ya Chake. Na mie si mkweo, nimewekwa kumlinda yule mwenzangu aliyeninyooshea kidole. Walikuoneni hamna wabebaji, wakashuka. Usimwache akaingia."

Mkono wake ulilegea mkononi mwangu. Kisha ukakaza.

"Kafanya nini?"

"Kapiga mtu."

"Kwa haki?"

"Sijui, mama. Kwa mambo ya ng'ombe."

Nakwambieni wallahi, midomo yake ilitikisika kama mtu anayetaka kucheka, siku hiyo aliyozika. Akauliza ana muda gani. Nikasema miezi minne. Akahesabu kwa vidole. "Na mie minne na siku kumi," akasema. "Tumefungwa pamoja."

Kisha akapaza sauti, mpaka uani wasikie. "Asiingie. Asimame hapo hapo nje ya pazia."

Mwanamke mmoja, Bi Mkasi, wifi yake, akasema, "Mwanao wa kumzaa, Bi Tatu?"

"Nimesema asimame. Gari la Serikali halingoji mtu, na kazi aliyopewa bado hajaimaliza. Anakwenda, atarudi."

Pazia halikutikisika. Nikaiona miguu ya Hamad chini yake, miguu mikubwa iliyooshwa sasa hivi, na pindo la kanzu safi. Walikuwa wamemvika kanzu ya marehemu.

"Mwanangu," Bi Tatu akamwambia, "Mungu akuweke. Huko unakokwenda kaa na watu vizuri. Ukimaliza, uje. Uje unambie mwenyewe babaako alilazwa vipi."

Miguu ile ikapiga hatua moja nyuma. Nilidhani atakimbia. Kisha akasema, "Nitakuja, mama."

Mzambarauni hadi Chake

Upande wa wanaume, Mzee Bakari alitusimulia, ulikuwa msiba wa aina yake. Koplo kakalishwa barazani pahala pa mbele, sheha wa pale anamshukuru mbele ya watu kwa Serikali kumletea maskini mwanawe kwa gari. Koplo anasema aa, si kitu, si kitu, jasho linamtiririka, na macho yanahesabu: Faki, Ali, Bakari, na wa nne kaingizwa ndani kavaa kanzu. Kaletewa sahani ya ndizi za nazi, kaisogeza kando. Faki na Ali walikula na yake.

Walitusindikiza kijiji kizima mpaka garini. Wakatutilia mashelisheli na mkungu wa ndizi. Mbele ya watu wale Koplo angewezaje kuniomba pingu? Tukapanda hivyo hivyo, Hamad na kanzu yake nyeupe kakaa juu ya gunia kama bwana harusi, na Omari akatia gia.

Tulipovuka kilima cha kwanza Koplo akamwambia Omari asimame. Akakaa, anamtazama Hamad.

"Kwa nini hukuwaambia kule kaburini?"

"Nilikuwa chini, Koplo. Nilipotoka nje, kanzu ilishaniingia kichwani."

"Na ulipokwenda kuosha miguu nyuma ya jiko, ulikwenda na nani?"

"Peke yangu."

Sote tuliiona njia ile ya nyuma ya jiko, inakwenda moja kwa moja kwenye mikarafuu. Mtu ana kanzu safi na jina la mwengine. Hamad akatazama mikono yake. "Niliiona njia," akasema. "Nikasikia Bi Riziki ndani anasema watano, watano."

Bi Riziki akaapa kuwa hakusema. Labda hakusema. Koplo akafungua mdomo kama wa kuniagiza kapu, kisha akaufunga, akagonga mbao kwa kiganja. "Twende, Omari. Jua hilo."

Omari akaliendesha lile gari kama lina breki. Tukaingia Chake jua limeshagusa minazi, na gari likazimika mkabala wa jela, hatua mia hivi. Tukamwona bawabu anavuta mlango. Mzee Bakari akaruka chini, mzee yule, kashika kikoi kwa mikono miwili, anakimbilia jela anapiga kelele, "Usifunge, bwana wee, usifunge, wafungwa tunakuja." Nyuma yake Faki na Ali, nyuma yao Hamad na kanzu yake, kisha mie nimemshika Bi Riziki mkono, na Koplo wa mwisho anahema. Bawabu yule alikaa hapo tangu ujana, akanambia baadaye hajapata kuona watu wanaiwahi jela.

Karani akahesabu. Watano. Akauliza pingu ziko wapi. Nikashusha kapu, nikatoa muhogo, nikatoa shelisheli, nikatoa ushungi, na chini kabisa zikapatikana, zimegandwa na pweza wa Konde. Karani akamtazama Koplo. Koplo akatazama juu, kama mie nilivyoyatazama makuti ya mama.

Akanilipa kanga, doti nzima. Mnaikumbuka, ile nyekundu mliyoniuliza kanipa nani.

Kurudi Mzambarauni

Bi Tatu alinambia tukiagana, "Na wewe, mkwe, uje nikitoka." Ahadi ya mtu wa eda haivunjwi. Siku zilipokaribia nikapanda gari la Omari tena mpaka Mzambarauni.

Juma wa kweli alikuwa keshakuja kutoka Tanga, kakaa mwezi, karudi kazini. Kijiji kikajua basi kuwa wa kwanza hakuwa yeye. Walipomuuliza Bi Tatu, aliwajibu, "Mmoja nimemzaa, mmoja kaja na mvua," na hakuna aliyeuliza zaidi, wala habari haikuvuka bonde lile. Ndivyo watu wa Mzambarauni walivyo, na kwa hilo nitawapenda mpaka kufa.

Hamad nilimkuta juu ya paa la Bi Tatu. Miezi ya jela huhesabiwa ya kizungu na ya eda huhesabiwa kwa mwezi mwandamo, ambao ni mfupi kidogo, lakini eda ina zile siku kumi za juu, basi yeye alitoka kwanza, siku sita kabla yake. Katoka Chake kwa miguu mpaka hapo, kapiga hodi, kaambiwa bado. Hakuomba kuingia, wala kwao Kiuyu hakuenda. Kakata makuti, kaanza kuezeka, analala kwa Mzee Kai. Siku sita Bi Tatu chini anasikia mtu juu anafunga kamba, na hawajaonana.

Siku ya kutoka eda wanawake walimkosha, wakamvika kanga mpya, akatoka ukumbini kajitanda. Wakamwita Hamad. Akaingia kavaa kanzu ile ile ya marehemu, imefuliwa, akakaa chini mbali naye kidogo, kichwa kakiinamisha.

Bi Tatu hakumpa hata muda wa kusalimia. "Haya," akasema.

Hamad akasema, "Maji yalikuwamo, mama."

Wanawake wakaguna. Bi Mkasi akamkazia macho anyamaze. Bi Tatu hakuondoa uso wake.

"Yalikuwa mpaka hapa," Hamad akajishika chini ya goti. "Wazee walitaka kumshusha hivyo hivyo kwa kuwa wakati umekwenda. Nikawaambia mie mchimba visima, niachieni. Nikavua shati nikayateka nalo, nakamua juu, nashuka tena. Koplo akawa ananipokea. Chemchemi ilikuwa upande wa miguuni, nikaiziba kwa udongo wa mfinyanzi na lile shati. Nikangoja. Haikutoka tena. Ndipo tukaleta mchanga mkavu, nikautandika katika mwanandani, kile kijishimo cha kumlazia, kwa mikono yangu. Tulipomlaza, ubavu wa kulia, nilipitisha kiganja chini yake."

Akakinyoosha kiganja chenyewe, kama kwamba bado kina jambo la kuonyesha.

"Palikuwa pakavu."

Bi Tatu alikitazama kile kiganja muda mrefu. Kisha akanigeukia mie, akanambia, "Mkwe, mtilie mwanangu chai."

Nikaenda jikoni nikamtilia.